Simu ya Mama na Fundi Aliyeniambia Nitoke Nyumbani

Mheshimiwa Mkurugenzi, ndugu mameneja mliokaa naye mbele, wafanyakazi wa kampuni, mke wa fundi wetu pamoja na wanawe, wageni waalikwa, na wateja wenzangu tuliopangwa huku karibu na mlango ili tukianza kulalamika tutolewe haraka: habari za mchana.

Nimeombwa nimuage Mzee Waya, anayestaafu leo baada ya miaka thelathini na moja ya kupanda nguzo na kupekua nyuma ya makabati yetu. Nilipomuuliza dada wa mapokezi kwa nini mimi, alinijibu bila kupepesa macho, "Mama, kwenye orodha ya malalamiko hakuna anayekufikia." Basi nikashona gauni, nikaja.

Mimi ni fundi cherehani kwenye kiwanda cha sare. Natoka alfajiri, nikimwacha mama yangu mzazi peke yake mpaka wanangu warudi shule. Miguu yake ni mizito, ila mdomo ni mwepesi. Simu ya mkononi ameikataa, anasema inateleza kama sabuni. Anataka simu yake ya mezani yenye vitufe vikubwa, hapo kando ya kiti. Saa nne, tukipata mapumziko, napiga. Akisema, "Nipo, rudi kazini," nashona kwa raha mpaka jioni.

Mwaka jana mkatuondolea waya wa zamani, mkatuletea simu hii inayopita kwenye intaneti. Kisanduku chake kikawekwa juu ya kabati, vitaa vya kijani vikawa vinawaka na kuzima; mama akasema kinamkonyeza. Sauti safi, sikatai. Lakini saa nne nikipiga, kimya. Kesho yake, kimya. Nikirudi jioni, inaita kama haijafanya kosa lolote!

Ndugu wageni, mmewahi kukimbia barabarani na utepe wa kupimia shingoni? Mimi nimekimbia mara mbili. Mara zote nilimkuta mama anakunywa chai, ananiuliza kama nimefukuzwa kazi.

Nikawa napiga huduma kwa wateja. "Mama, umejaribu kuzima na kuwasha?" Namjibu, "Mwanangu, kuzima nazima kila siku." "Vizuri sana mama, sasa bonyeza moja." Mafundi vijana wakaja mara tano, wote jioni, mimi nikiwepo, na wote wakaandika kwamba simu ni nzima.

Kaka yangu mkubwa akachoka na vilio vyangu. Akasema, "Sikiliza. Hiyo simu ikifa mara moja tena, naja na gari, mama anahamia kwangu." Kwa kaka ni safari ya siku nzima. Mama alipoambiwa alisema, "Mimi si kabati," akageukia ukutani. Jioni hiyo hakula. Nami nikajiuliza: kweli nitampoteza mama kwa sababu ya kisanduku?

Ndipo akaja Mzee Waya. Hakufungua hata mkoba. Alimpa mama shikamoo, akakaa, kisha akaniambia:

"Dada, toka uende kazini."

"Leo sina zamu."

"Najua. Toka vilevile unavyotoka kila siku, mimi nakuangalia."

Nikaona haya makubwa, lakini nikatoka. Nikafunga dirisha la jikoni. Nikafunga gesi, nikaishika tena kuhakikisha. Nikamsogezea mama maji. Halafu, kama nilivyofanya miaka yote kwa kuogopa moto usije ukamkuta mama kitini, nikazima swichi za ukutani ninazoziwasha tena jioni nikirudi, zote isipokuwa ya friji, moja baada ya nyingine, hadi ile ya kabatini, penye kisanduku. Vitaa vikafa.

Mzee Waya akakohoa. Akakohoa tena, kwa muda mrefu, anatazama dari.

Mama ndiye aliyesema, "Kumbe mchawi ni huyu!"

"Siye yeye, mama," fundi akamjibu. "Simu ya zamani ilikuwa inaletewa umeme na waya wetu wenyewe. Hii inakula umeme wa nyumbani. Sisi ndio hatukumwambia."

Mheshimiwa Mkurugenzi, alisema "sisi". Angeweza kunicheka, na mtaa mzima ungecheka naye.

Akaniomba kipande cha kitambaa chekundu, akakibandika juu ya swichi ile nisiiguse. Kesho yake akaleta betri ndogo, akaifunga kwenye kisanduku. Na hakunidanganya. Alisema umeme ukikatika betri itashika kwa muda wa saa tatu, labda nne, na baada ya hapo nimpigie jirani.

Jumamosi kaka, niliyemwambia simu imepona, akaja kuhakikisha, na gari kweli. Hakubishana. Alikwenda kwenye swichi kuu akazima nyumba nzima, friji ikanyamaza. Akasimama mlangoni, akatoa simu yake, akapiga.

Ikaita. Mama akanyanyua.

"Nani?"

"Mimi mwanao."

"Uko wapi?"

"Hapa, nyuma yako."

"Sasa unapiga ya nini? Washa umeme, friji ina maziwa!"

Kaka akawasha. Akala, akaaga, akaondoka na gari lake, tupu kama lilivyokuja.

Mheshimiwa Mkurugenzi, sikuja kwa kusifu tu. Ni nyumba ngapi ambazo simu inakufa na hakuna anayejua kwa nini? Msituchapie kitabu, mimi niliishia darasa la nne, kitalala kwenye droo. Tupeni betri sisi tulio na wazee na wagonjwa, na mtume mtu wa kutuambia kwa mdomo. Nanyi mafundi vijana na wapokea simu, mteja akiongea, msikimbilie kumwambia abonyeze moja.

Shemeji, mumeo akianza kukuangalia unavyotoka nyumbani, usimfikirie vibaya. Ndiyo kazi yake.

Mzee Waya, nikuambie jambo moja, kisha nikae. Leo saa nne nilikuwa saluni, nimeingizwa kichwa kwenye mashine. Sikupiga simu nyumbani. Nilikumbuka nikiwa nimefika kwenye geti lenu, na moyo haukuruka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nilisahau kuogopa.

Nawashukuruni nyote kwa kunitegea sikio.