Uzi wa Bluu Kwenye Kona

Mama Kona ametumikia chumba cha dobi cha hospitali hii miaka thelathini na minne. Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri, anavua aproni. Haivai tena.

Ofisi imesema karatasi ya kumuaga niandike mimi, msukuma toroli la mashuka, kwa sababu katika waliobaki ndimi niliyekaa naye muda mrefu kuliko wote. Shule yangu ndogo. Naandika ninavyosema. Karani alinipa faili lake nitazame tarehe nisije nikakosea. Faili lenyewe jembamba. Kuna barua ya kuajiriwa, vyeti viwili vya mfanyakazi bora, na barua moja ya onyo. Karani akaniambia, "Hiyo ya onyo iruke, mzee. Siku ya kuagana hayo hayatajwi." Siiruki. Hiyo ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika. Nitaifikia.

Alikuja hapa akiwa binti mwembamba, fundi wa viraka. Mashuka ya hospitali yanachanika. Yanavutwa, yanachemshwa, yanaminywa. Yakitoka kukauka, yaliyochanika yanakwenda meza ya viraka, kisha pasi, kisha kabati, kisha nayabeba mimi kwenda wodini. Wakati ule meza ilikuwa na mafundi wanane. Leo wamebaki watatu.

Jina la Mama Kona alipewa na wapiga pasi. Kila shuka lililokunjwa alilishika kona nne, akaangalia kama zimekutana. Hazijakutana? Analifungua, anakurudishia. Hagombi. Anakurudishia tu, na anasimama palepale mpaka umalize. Bora angegomba.

Mwaka wake wa pili kuna kiraka kilifumuka chini ya mgonjwa. Shuka likarudi. Fundi gani kashona? Kila mtu kamtazama mwenzake. Kesho yake Mama Kona kaja na uzi wa bluu. Akimaliza kiraka, kwenye kona yake anatia mishono mitatu midogo, huioni mpaka uitafute. Akawaambia wenzake kila mmoja achague rangi yake. Kiraka kikifumuka, shuka linarudi kwa mwenyewe. Hakuna bosi aliyeagiza. Walichagua. Mmoja nyekundu, mmoja kijani, mmoja kahawia. Kulikuwa na mashindano kabisa, uzi wa nani haujarudi mwezi huu. Walitaniana, walichekana, na mashuka yalikaa.

Siku hizi imebaki bluu peke yake. Wengine waliacha mmoja mmoja. Walisema alama ni kujitafutia kesi. Na ndivyo dunia ilivyo sasa, si chumba chetu tu. Siku hizi mtu haharibu kitu. Kitu kinaharibika chenyewe. Mwezi uliopita fundi kaletwa kupaka rangi korido, kapaka ukuta, kapaka na swichi, kapaka na mjusi aliyekufa pembeni. Nikamwonyesha yule mjusi. Akanijibu, "Kwani hapa kwa mama yako?" Mama Kona alikuwa anapita na beseni. Akasema, "Ndiyo. Na kwa mama yako pia. Atalazwa hapahapa." Yule fundi kachukua brashi, karudia swichi. Mjusi kamtoa mwenyewe.

Sisemi zamani wote tulikuwa watu wema. Mimi nimelipua kazi mara nyingi. Toroli langu lilikuwa na gurudumu linalolia kama mbuzi, mwaka mzima sikulitia mafuta. Mama Kona kaniita, "Wewe, mbuzi wako anaamsha wagonjwa." Nikasema nitatengeneza. Kesho yake akauliza. Keshokutwa akauliza. Siku ya nne nimekuta kikopo cha mafuta juu ya toroli. Nikaona aibu. Aibu ile ndiyo naizungumzia. Haipo tena madukani.

Madaktari nao walimwogopa. Daktari bingwa, mtu na mvi zake, alipita mlangoni kwetu koti halina kifungo. Kasimamishwa. Kashonewa kifungo akiwa amevaa, katulia kama anayepimwa presha. Tangu siku hiyo, madaktari wenye vifungo vilivyolegea walizungukia njia ya jikoni.

Yule fundi kijana tunayemwita Fasta, kwa jinsi anavyokimbiza cherehani, aliwahi kumtania: "Mama Kona, shuka hili linakwenda kulaliwa, haliendi harusini." Wote tukacheka. Mama Kona naye akacheka. Kisha akasema, "Harusini mtu anakwenda mzima, anatazama vyakula. Mgonjwa amelala siku nzima anatazama shuka. Sasa nani wa kumshonea vizuri?" Fasta akajifanya hakusikia. Lakini cherehani kilipunguza mwendo.

Amefundisha mafundi kumi na tisa. Mashine kubwa ilipoharibika siku mbili, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukunja mikono ya nguo na kufua kwa beseni, na alipoinama yeye nani angebaki amesimama. Vyeti viwili vile ni vya haki. Sasa nakuja kwenye barua.

Ni miaka kumi na moja iliyopita. Mke wangu alikuwa amelazwa wodi ya wanawake, ulikuwa mwezi wake wa pili kitandani. Walikuwa marafiki na Mama Kona tangu meza ya viraka, ndiyo maana mimi na yeye tunaitana shemeji. Siku moja nikamwomba, shemeji, mchagulie mwenzako shuka zuri. Alikasirika. Sijawahi kumwona vile. "Kwani mengine ni mabaya?" Nikaondoka na toroli langu. Nilipofika wodini nikaangalia vitanda vyote, kimoja kimoja. Kweli. Hakukuwa na baya.

Siku ya mwisho nesi kaniambia mke wangu anamwita rafiki yake. Nilikimbia mpaka chumba cha dobi. Mama Kona alikuwa anamalizia kiraka kwa mkono. Nikasema, "Shemeji, anakuita. Haraka." Akaichomeka sindano kwenye pindo, kama mafundi wanavyofanya wakiinuka kidogo, akaliacha shuka mezani. Alikuwa bado hajatia uzi wa bluu. Tukaenda mbio. Tulimshika mkono, yeye huku, mimi huku. Saa tisa akatuacha.

Huku nyuma mpiga pasi kaliona shuka mezani, kiraka kimekamilika, kalipiga pasi, kalikunja, kaliweka kabatini. Sindano ililala ndani ya pindo. Hakujua. Simlaumu.

Siku ya kumi nimerudi kazini kutoka kwenye msiba. Asubuhi hiyo matroni kaingia chumba cha dobi na shuka mkononi. Mzee mmoja wa wodi ya wanaume kachomwa na sindano mguuni. Halikuwa jeraha kubwa, lakini sindano ni sindano, na hospitali ni hospitali. Katandaza shuka juu ya meza ya pasi. Kageuza kona. Hakuna uzi. Wakati huo wenye rangi walikuwa wamebaki wachache, kwa hiyo kiraka kisicho na rangi kingeweza kuwa cha yeyote.

"Nani kashona hiki?"

Nilisikia maji yakidondoka kwenye karo la kufulia.

Wiki ileile Mama Kona alikuwa atangazwe msimamizi wa chumba. Ilikuwa imeshaamuliwa, bado barua tu. Tulijua wote. Naye alijua. Angenyamaza, hakuna hata mmoja angesema neno.

Alisogea, akapitisha kidole kwenye kiraka. Akasema, "Mkono wangu huu."

Matroni akashangaa. "Mbona hakina uzi wako?"

"Niliondoka kabla sijautia."

"Uliondoka ukaenda wapi?"

Mimi nilikuwa mlangoni na toroli. Nikafungua mdomo. Alinitazama mara moja tu, nikaufunga.

"Nilisahau sindano," akasema. "Andika hivyo."

Ikaandikwa hivyo. Uzembe. Barua ya onyo ikaingia kwenye faili, na usimamizi akapewa mwingine. Yule mwingine hakuijua kazi vizuri. Nani alimfundisha? Mama Kona, mwezi mzima, bila kununa.

Jioni ya siku ile nilimfuata nje, kwenye kamba za nguo. Nikamwambia kesho asubuhi naenda kwa matroni, namweleza ni mimi niliyekuja kukuita. Aliendelea kuanua.

"Shemeji, sindano uliishika wewe?"

"Hapana."

"Basi."

"Lakini ulitoka kwa sababu ya..."

"Usimfanye marehemu kisingizio changu," akasema. "Alikuwa mtu wa maana. Nyamaza." Akanipa ncha mbili za shuka nishike, tukalikunja pamoja. Kona zangu hazikukutana. Siku hiyo hakunirudishia. Alizinyoosha mwenyewe.

Kwa yule mzee aliyechomwa alikwenda kila siku wiki nzima kumwomba radhi, mpaka mzee mwenyewe akachoka. Akamwambia, "Binti, sindano za manesi nimezikwepa mwezi mzima, yako ikanifuata kitandani. Wewe ndiye uliyestahili kuwa nesi." Wakawa marafiki. Mzee aliporuhusiwa alipita chumba cha dobi kuaga, na alimuaga mtu mmoja tu.

Nimenyamaza miaka kumi na moja kwa sababu nilikatazwa. Mashuka yamepita kwangu maelfu, kila nikiona uzi wa bluu nakumbuka. Wafanyakazi wapya wamekuja, wengine wamenong'ona kwamba yule mama anayejifanya anajua sana mbona ana barua ya uzembe. Nimesikia kwa masikio yangu. Nimeuma meno. Sasa Ijumaa saa tisa na nusu yeye si mfanyakazi tena, na amri zake kwangu zinaisha saa hiyohiyo. Nimewahi kidogo tu.

Kwa hiyo ijulikane. Sindano aliiacha, ni kweli, na yeye mwenyewe hataki mtu aifute. Sifuti. Naongeza kilichokosekana: aliiacha kwa sababu alikwenda kumshika mkono mtu anayekufa, na hakukitumia kifo kile kujiokoa. Nimemwomba matroni wa sasa karatasi hii iingie kwenye faili, nyuma ya barua ile. Ameisoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Amekubali.

Kuna jambo lingine. Jumanne nilikuwa napakia mashuka ya wodi ya watoto. Kwenye kona ya kiraka nikaona mishono mitatu ya njano. Nikadhani macho yangu. Nikatafuta lingine, njano tena. Nilipogeuka, Fasta kainamia cherehani chake, anashona polepole kama siyo yeye. Nimemwachia Mama Kona aione mwenyewe, ila namjua, ameshaiona.

Mama Kona, chumba kizima kinakushukuru. Wapiga pasi wanakushukuru, na mbuzi wangu anakushukuru, hajalia tena. Wanao wawili na wajukuu watatu wamekungoja miaka mingi urudi nyumbani mapema, sasa uwape. Lala mpaka jua likuchoke. Ulalie shuka ambalo hukulishona wewe, na tunaomba aliyelishona awe mtu kama wewe. Uwe na afya, uwe na amani, na usiende kukagua kona za majirani.

Mimi si fundi, sina rangi. Lakini marehemu mke wangu aliacha kopo la nyuzi, na humo nimetoa uzi wa kahawia. Nakala mnazopewa mikononi hazina kitu. Ile iliyobandikwa kwenye mlango wa chumba cha dobi, tazameni kona yake ya chini. Nimeishona mwenyewe, mishono mitatu. Imepinda. Shemeji ataiona na mikono itamwasha aifumue. Asiiguse. Na kama humu kuna neno la uongo, karatasi irudishwe kwangu.