Kiti cha Mwandishi wa Farao

Mgeni rasmi, Bi Mazoon binti Hamoud, karibu sana Wadi Kabir, katika maonyesho ya darasa letu la historia, sebuleni kwa mwalimu wetu Bi Mahbuba. Gari umeliacha kule kwenye magereji na viatu vyako vimeona vumbi, utuwie radhi. Tunamkaribisha pia mwanao Loay, pamoja na aliyembeba pale mlangoni, mwenzetu Namuddu, msichana wako wa kazi. Wewe umekuja naye alee mtoto. Sisi tulikuwa tukimngoja aje asome.

HISTORIA YA DARASA

Darasa hili lilianzia nyumbani kwako, ingawa hukuambiwa. Mwaka juzi vitabu vya shule vya wanao wakubwa vilitolewa nje viende jaani. Namuddu akaokota kimoja, cha historia, akakifuta mchuzi. Ijumaa akamletea Bi Mahbuba, akamwuliza, "Bibi, hawa Wamisri wa kale, watu wa kazi kama sisi waliwaweka wapi?"

Bi Mahbuba akacheka. "Mwanangu, nna miaka arubaini ya kufundisha, hajaniuliza mtu hilo. Kaa kitako."

Akakaa. Leo tuko kumi na wawili, wote wasichana wa kazi kutoka Uganda, Wakristo kwa Waislamu.

MAFANIKIO

Ngazi zote sasa tunazo kichwani: Farao juu, kisha waziri na makuhani, waandishi, askari, mafundi, wakulima, na chini kabisa watumwa. Tunajua pia kuwa mafundi waliochonga makaburi ya wafalme walipumzika kila siku ya kumi, na mwandishi aliandika sababu za wasiokuja kazini: huyu kaumwa na nge, yule anatengeneza pombe. Hapo kwenye pombe Bi Mahbuba alisoma mbio mbio.

Tulipiga kura ya vyeo. Msomaji wa risala hii, Rashidah, aliangukiwa na Ufarao, na tangu siku hiyo hashikiki. Bi Mahbuba alipata utumwa, akatuletea chai sinia zima huku akinung'unika, "Haya, Farao, na sukari nikukorogee?" Namuddu alipata uandishi. Tulipiga vigelegele, maana hati yake inatushinda sote.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, Namuddu amekosa Ijumaa tano mfululizo. Siku hizi ukoo wako wote hula kwako kila Ijumaa, mpaka wanaokaa mbali kule Seeb, na hilo ni jambo jema, Mungu azidishe. Lakini wageni hula, hujinyoosha, huamka, hunywa kahawa, na masufuria yote yanamngoja mtu mmoja.

Bila yeye tumeaibika. Tulijenga piramidi la katoni za tende. Kwa heshima tukampa Farao katoni iliyojaa, na watumwa wa chini tukawapa katoni tupu. Lo! Likaporomoka lote, Farao na tende zake akamwangukia Bi Mahbuba mguuni. Tulipomweleza Namuddu, alitutumia sauti kwa simu kutoka jikoni kwako, bomba la maji likisikika: "Jameni nyie! Zilizojaa ziende chini!" Hilo unaloliona pembeni tumelijenga kwa maelekezo yake, na limesimama wiki ya pili sasa.

MAOMBI

Hatuombi jengo wala feni. Tunaomba Namuddu aruhusiwe kuja kila Ijumaa baada ya Alasiri. Darasa lilikuwa la asubuhi, tumelisogeza kwa ajili yake. Masufuria yakizidi, tupigie simu: tutakuja wote kumi na mmoja, tuyaoshe kwa nusu saa, tuondoke naye.

Kusema haya tumeogopa, tusikufiche. Lakini tunampenda, na tunajua hata nyumbani kwako anapendwa. Loay amelala begani mwake tangu tuanze kusoma.

Mgeni rasmi huletewa utepe akate. Sisi utepe hatuna. Tuna kiti hiki kitupu cha mbele, kimeandikwa "Mwandishi", na daftari na kalamu viko juu yake. Tunakuomba ufungue maonyesho yetu kwa kumpokea Loay mikononi mwako, ili Namuddu aje akae.

Mola akujaalie afya, amkuze Loay, na meza yako ya Ijumaa isikose watu. Amina.

Ni sisi, Darasa la Ijumaa la Bi Mahbuba, Wadi Kabir.

Nakala yako hii hapa. Utusamehe kwa hati mbaya: mwandishi wetu hakuwepo.