Dawa Iliyobaki Mlangoni

Sogeeni wanangu, na mnaotaka kuziba pua zibeni, maana mguu huu umeoza na sioni haya kwa uvundo wangu mwenyewe. Kifungua mimba, kaa hapo mkabala na kidonda, ukitazame. Na wewe kitinda mimba, binti yangu, niinulie mto.

Mnakijua kilichotulisha. Katika maabara ile ya uani nilikamua majani yanayoua bakteria wa ngozi, nikajifunza kuifunga dawa ndani ya chembe za nano, vibebeo vidogo mno hata jicho halivioni, ili ipenye usaha na kuwafuata bakteria chini kwenye nyama. Niliwafundisha polepole, kama mtoto anavyofundishwa kushika kijiko: chembe hubeba kinachotosha, ukizizidishia zitashikana, na zikishikana zitabaki juu ya ngozi kama wageni waliofungiwa mlango. Dada yako alisikia. Wewe, kifungua mimba, masikio yako ni mapambo.

"Baba, wateja wanataka rangi," uliniambia. "Wakiona nyeupe-nyeupe hii wanauliza, dawa gani hii, au uji wa mgonjwa?" Ukaongeza maji ya majani mwishoni, dawa ikang'aa kijani kibichi, na nilipojikata mguu ukaniletea chupa huku unatabasamu: "Hii ndiyo yenyewe, mzee."

Sasa sikiliza. Nilipochovya kidole tu nilihisi chenga. Nikajua chembe zimeshikana. Chupa zilizokwenda kwa wateja nilizirudisha nyumbani siku ile ile. Yangu nikaibakiza, nikapaka. Asubuhi nikapaka, jioni nikapaka, na daktari alipokuja nikamwambia napata nafuu, kwa sababu nilikuonya kwa maneno hadi ulimi ukaota sugu, na asiyesikia neno husikia kishindo. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, basi pole zenu ziwekeni.

Unasema nini? Nikusamehe? Nimekusikia, usirudie, mimi husikia mara ya kwanza.

Maabara, funguo zake na mimea yote ni ya dada yako. Wewe chukua nyumba, pamoja na kitanda hiki, na ulale juu yake. Ukitaka kazi muombe yeye, naye akikuonea huruma utaosha chupa. Siku ya maziko utasimama mbele ya watu useme kwa kinywa chako dawa gani imeniua, na mtu asikudokezee hata neno.

Binti yangu... usimchukie. Mfundishe tena, tangu mwanzo, na akikosea... mrudishe mwanzo. Mikono yako ibarikiwe, kila ngozi utakayoigusa ipone.

Na wewe, mkubwa... sogea, sauti inakwisha. Baraka yako ni hii. Uishi sana, mwanangu. Uishi na afya njema, uzeeke... na akili yako isisahau kitu... hata kimoja.

Sasa toka. Dada yako... abaki.