Jeannot Mwenya, Muntu Alisikilizaka Sauti za Bengine

Familia ilimuomba Yaya Laurentine, dada mukubwa wa Jeannot, aandike maisha ya mudogo wake. Alikasirika. "Muko na batoto bamesoma ku iniversite ya Kasapa, munakuya kusumbua mumama mwenye aliishia darasa la tatu?" Lakini hakubakia mungine mwenye kumujua Jeannot tangu kuzaliwa. Basi aliandika hii.

Jeannot Mwenya alizaliwa hapa Lubumbashi tarehe 9 Mei 1964, mutoto wa saba na wa mwisho wa Baba Mulenga na Mama Chanda. Yaya Laurentine njo alimubeba ku mugongo. Alisoma primère, shule ya musingi, mu mutaa wa Bel-Air, kisha miaka ine ya elektrisite. Mu 1982 baba akafa, masomo ikasimama.

Alitengenezaka maradio. Tangu 2008 alirekodiaka kwaya mu ordinatere, ile kompyuta yake, mu chumba yake ya Bel-Air, magodoro ku bibambazi ya kuzuia makelele. Alivalaka kaske ya kusikilizia ku masikio na kuangalia ku ekra ya ordinatere kamustari ka kijani kenye kupimaka sauti. Kakiruka ku nyekundu, sauti imeharibika. "Mama wa soprano, rudi nyuma, mbali na mikro! Unapiga makelele, wezi banakufuata?" Kwaya yote inacheka.

Alioa Lydie Kangwa tarehe 18 Julai 1992. Lydie alikufa mu 2016. Kuanzia pale Jeannot alikulaka peke yake, kaske ku shingo.

Mwezi wa nane 2023 alimuita yaya yake baimbe wimbo wa mama yao wa kulalisha batoto, ule hakuna mungine anaujua. Mikro moja, bantu babili.

"Yaya, punguza, unauzisha samaki?"

"Nyamaza, mimi njo nilikufundisha."

Akafunga macho. Mu kaske ilisikika muzuri sana. Kumaliza, akafungua basikilize: kimya. Sauti ilitoka ku kasanduku kenye kuunganisha mikro na ordinatere, ikaingia moja kwa moja mu kaske. Ordinatere haikupokea kitu. Kamustari kalilala, na yeye, mwenye kufundisha bengine kukaangalia, hakukaangalia.

"Yaya, turudie."

"Mimi si radio yako ya kufungua na kufunga."

Alimuomba mara tatu. Yaya alikataa mara tatu, kwa kiburi.

Mu 2025 mapafu ikamushika, ata kusema kulimuchokesha. Ku hopitali Yaya akainama: "Jeannot, tuimbe sasa." Jeannot akatikisa kichwa: hapana. Alikufa tarehe 11 Novemba, saa tano ya asubui.

Anaacha binti yake, jina lake Mimi, bajukuu babili, na Yaya Laurentine, paka yeye tu mwenye kubakia mu batoto saba. Mungu amupokee, amupumzishe mu amani.

Yule binti Mimi alitafuta mu ordinatere: kwaya ziko nyingi, sauti ya baba yake hakuna. Aliikataka na kuitupa ku mwanzo wa kila wimbo, pale anahesabia, "Moja, mbili, muimbe." Basi ninyi bote mulirekodia kwake, tafuteni mu matelefone yenu. Mwenye kuwa na rekodi ile haijakatwa, asiikate. Aletee Yaya Laurentine ku Bel-Air, mbele ya matanga kuisha. Ata kama ni kukohoa tu, alete.