Mama Mbalamen Gbaaiko na Shamba la Mihogo la Tse-Gbaaiko

Tunayemzika leo, Mama Mbalamen Gbaaiko, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 katika kijiji cha Tse-Ajoho, jirani na mji wa Katsina-Ala, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ajoho Kpensa na mkewe Iveren.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la tano. Aliiacha baada ya kumpasua kichwa kwa mpini wa jembe mvulana aliyevunja matuta yake ya viazi vikuu. Baba yake alipoitwa alisema tu, "Matuta yalikuwa mazuri."

Mwaka 1976 aliolewa na Tersoo Gbaaiko wa kijiji cha Tse-Gbaaiko, wakajaliwa watoto wanne. Kazi yake ilikuwa kilimo. Matuta yake yalifika kiunoni, na pingili za mhogo alizipanda kwa kuzilaza mshazari, macho ya kuchipukia yakitazama juu. Wake wengine wa ukoo walimcheka kwa kuchelewa kumaliza, kisha wakaja kuomba mbegu.

Tersoo alifariki mwaka 1994. Mdogo wa marehemu, Akosu, alilitaka shamba. Wakati wa mvua za mwaka 2003 Mama alikuta mihogo yote imefyekwa matawi, mizizi ikiwa bado michanga.

"Nimekupogolea, shemeji," Akosu alisema. "Itazaa zaidi."

"Umeiua. Sasa itakula mizizi yake yenyewe ipate kuota majani."

"Basi na wewe kale majani."

Mama alimpiga jembe la taya. Akosu akajibu kwa panga, na vidole viwili vya mkono wa kushoto wa Mama vikabaki tutani. Msimu huo alivuna mizizi ya nyuzi tupu. Tangu hapo hawakusalimiana, hata misibani.

Aprili 2021 watu wenye bunduki walikichoma kijiji. Mwanawe wa pili, Terngu, aliuawa mlangoni kwake. Waliosalia walihamia kambi ya wakimbizi, wakala kwa kupimiwa. Mei 2023 Mama alichoka, akabeba jembe na kurudi shambani. Alimkuta Akosu huko, akifukia pingili kichwa chini.

"Shemeji, unapanda au unazika?"

Akosu alimnyoshea pingili moja, akasema, "Nionyeshe."

Walilima pamoja siku kadhaa. Walipokuwa wakimaliza safu za mwisho, risasi zililia kutoka mtoni. Moja ilimvunja Mama nyonga. Akosu alimbeba mgongoni hadi barabarani, yeye mwenyewe akivuja damu begani.

Kidonda hakikufunga tena. Mama alilala hospitalini mwaka mzima, akioza na kupigana nacho, akimfukuza kila aliyemlilia. Mwishoni mwa Mei 2024 Akosu alikwenda peke yake shambani, akijua wenye bunduki bado wako karibu, akarudi na mihogo minene kama paja. Mama alipapasa mmoja.

"Hukugusa majani?"

"Sikugusa, shemeji. Mwaka ule nilijua ninachofanya."

"Najua ulijua," alisema. "Nichemshie."

Alikula kidogo. Alifariki tarehe 2 Juni 2024 asubuhi, hospitalini Katsina-Ala.

Ameacha watoto watatu, Doofan, Kpadoo na Aondover, wajukuu, dada yake Ngohide, na shemeji yake Akosu. Kwa agizo lake mwenyewe, Akosu ndiye atakayetupa udongo wa kwanza kaburini.

Mungu ampokee, na ampe pumziko ambalo hapa hakulipata.