Silambloki za Gari la Marehemu

Benchi la Docteur ni gogo la reli lililolazwa juu ya injini mbili zilizokufa, pembeni mwa barabara yenye vumbi katika komini ya Kenya, mtaa wa jiji la Lubumbashi. Docteur ni Alphonse, fundi wa magari, mwenye karakana isiyo na ukuta wala shimo la kuingilia chini ya gari. Ana jeki, mawe na mwavuli tu. Wanaoketi hapo kila alasiri ni walewale. Yupo Chef de Gare, mzee aliyestaafu reli, ingawa wenye maneno husema ni reli iliyomstaafu yeye. Yupo Avocat, muuza simu kuukuu, aliyesoma sheria mwaka mmoja na tangu hapo hajawahi kushindwa kesi, maana hajawahi kupewa hata moja. Na yupo Victorine na chupa yake ya kahawa, ambaye huuza, husikiliza, na akichoka kusikiliza husema. Siku hiyo ya Oktoba mvua ilikuwa imekataa kunyesha, joto limewalegeza wote, na juu ya jeki ilining'inia Altezza ya rangi ya fedha, gari la Alexis, magurudumu ya mbele yameshatolewa. Alexis mwenyewe hana jina la utani. Ana huzuni mno, hakuna anayethubutu kumpa.

Alphonse alitoka chini ya gari akijivuta kwa viwiko. Mkononi alishika silambloki, kile kipande cha mpira kinachoshika mkono wa gurudumu kwenye mwili wa gari. Mpira ulikuwa umechanika duara zima.

— Imepasuka tena, — alisema. — Ya kuume na ya kushoto.

— Mara ya tatu mu miezi ine, Docteur, — alisema Alexis. — Mi nilishachoka.

— Ni njia, — alisema Chef de Gare. — Hii gari baliitengeneza juu ya njia ya Japani, kule iko sawa meza. Weye unaipitisha mu mashimo yetu. Haraka haraka haina baraka.

— Huyu anaendesha polepole kushinda gari ya maiti, — alisema Victorine.

— Njo maana. Ukienda polepole, unaingia mu shimo yote mpaka chini. Ukienda mbio, unaruka.

Victorine alimtazama, akamwongezea kahawa. Kuna watu ambao ni rahisi kuwanywesha kuliko kuwajibu.

— Objection, — alisema Avocat. — Mashimo iko ya bantu bote. Shida iko mu caoutchouc, ule mupira yenyewe. Banayeyusha biatu bya zamani, banaitia mu carton ya muzuri, banakuuzia. Bankambo balisema: mugeni akuye, mwenyeji apone. Sasa pièce ya gari ni mugeni. Inakuya, na weye mwenyeji unagonjwa.

— Ile mezali umeigeuza kichwa chini, — alisema Victorine.

— Mezali haina kichwa, mama.

Alexis alitikisa kichwa.

— Ya kwanza nilinunua hapa. Ya pili Kasumbalesa, ku mpaka. Hii ya tatu nilituma muntu mpaka Lusaka, ya original. Zote zilikufa sawasawa.

— Basi ni udongo, — alisema Chef, kana kwamba alikuwa akingoja zamu. — Chini yetu kuko shaba, kuko cobalt. Inavuta bintu bya chuma. Kule ku reli, kila asubui tulikuwa tunakuta boulons za kukaza reli zimejifungua zenyewe.

— Bantu balikuwa banaiba zile boulons, Chef, — alisema Victorine.

— Bamoja baliiba. Zingine zilijifungua.

Alphonse aliitupa silambloki chini, kando ya jeki. Alikuwa amechoka mwili, lakini zaidi ya hapo alikuwa amechoka kurudiwa na kazi moja. Fundi akirudiwa na gari mara ya kwanza, watu husema bahati mbaya. Mara ya pili hunyamaza. Mara ya tatu huanza kupeleka magari yao kwingine. Yule tajiri wa mtaa wa Golf, waliyemwita mzungu mweusi, mwenye jumba na magari matatu, alikuwa ameshapita mara mbili bila kusimama.

Avocat aliweka kikombe chini na kushusha sauti, jambo ambalo hulifanya tu anapotaka kusikika na mtaa mzima.

— Tuseme ile kila muntu anaogopa kusema. Hii gari ilikuwa ya nani?

Wote walijua. Ilikuwa ya Sylvain, kaka mkubwa wa Alexis, aliyefariki mwanzo wa mwaka. Kilio kilipokwisha, ukoo ulikusanyika, na kama ilivyo desturi yao, gari likachukuliwa kutoka kwa mjane, Léa, likapewa mdogo wa marehemu. Nyumba yao ya mtaa wa Katuba aliachiwa kwa muda, yeye na watoto.

— Yule mama alikupa funguo namna gani? — aliuliza Avocat.

— Alinitia mu mikono tu.

— Alilia?

— Hakulia.

— Alisema nini?

— Alisema, muendeshe muzuri.

Avocat aliwageukia wengine na kufungua mikono.

— Munasikia? Bananyang'anya muntu gari, yee anasema muendeshe muzuri. Hata mi, tena niko muntu ya sheria, singesema vile. Ile maneno ni ya kufunga. Aliifunga ile gari na dawa.

— Damu ni nzito kushinda maji, — alisema Chef kwa uzito, na hapana aliyejua inahusu nini, lakini kwa kuwa ilitajwa damu, wote waliitikia kwa vichwa.

Alexis alikuwa akitazama viatu vyake.

— Baba Mwaba, muyomba yetu, njo vile anasema. Anasema kama Docteur mwenyewe anashindwa mara tatu, basi haiko tena kazi ya fundi, ni bulozi. Dimanche, siku ya misa, famille inaikala kikao. Nitasimama mbele ya bote nitoe ushahidi ya hii gari. Kisha Léa atatoka mu nyumba, yee na batoto.

— Na weye unaitika? — aliuliza Victorine.

— Mama, mi nitasema nini? Gari njo inasema.

Alphonse alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono. *Kama Docteur mwenyewe anashindwa.* Maneno yale yalikuwa yamempa afueni, na afueni ile ilimtia aibu. Maana kama ni uchawi, basi spana yake haina kosa, jina lake limepona, na yule wa Golf atarudi. Alikuwa ameusikia uvumi wa uchawi tangu mara ya pili, na hakuupinga hata kwa kikohozi. Ukimya ulimfaa, na kunyamaza kwa faida ya namna ile kunachosha kuliko kubeba injini.

— Docteur, weye unawaza nini? — Victorine hakumwachilia.

— Mi shiyui mambo ya bulozi.

Lilikuwa jibu la kweli, na lilikuwa la woga.

Hapo taxi-bus ilisimama ng'ambo ya barabara na mwanamke akashuka, amevaa nguo nyeusi za msiba, bahasha mkononi. Avocat alimwona wa kwanza, akaanza kuikagua simu ambayo haikuwa na betri. Alikuwa Léa.

— Jambo yenu, babaa.

— Jambo, mama, — walijibu, kila mmoja kwa wakati wake.

— Mulamu, — alimwambia Alexis, shemeji yake, — balisema nilete carte rose, ile karatasi ya mwenye gari, mbele ya dimanche kufika. Hii hapa.

Alexis aliipokea bahasha akiwa amesimama nusu, kama mtu aliyekutwa jikoni kwa wenyewe.

— Aksanti, mulamu.

Léa angeweza kuondoka. Lakini alikuwa ameliona gari lilivyoning'inia, na miaka kumi na miwili ya kuishi na gari haitoki kwa siku moja. Akasogea, akainama, akaokota ile silambloki iliyochanika, akaigeuza vidoleni.

— Docteur, kama unakaza hii boulon yake, gari inakuwa imeikala chini na magurudumu, ao iko juu ya cric, inaning'inia?

Avocat aliiweka chini simu yake.

— Mama, ile ni question technique, — alisema Avocat.

— Njo maana nauliza fundi.

Alphonse alichuchumaa kuitazama ile boulon, na Léa, akidhani hakueleweka, akaeleza kwa upole.

— Marehemu alikuwa anaifanya ku nyumba, kisha misa. Anapandisha magurudumu juu ya mbao, gari inaikala na uzito yake yote, kisha anatuambia tuingie. Mi mbele, batoto nyuma. Yee anapita chini, anakaza. Mi nilikuwa nakasirika, chakula iko ku moto. Anasema: ukikaza mupira gari ikining'inia, siku unaishusha mupira unajinyonga wenyewe. Lazima ikazwe ikibeba bantu yake.

Alphonse aliinua macho kuitazama jeki. Taxi-bus ziko juu kutoka ardhini. Hizo huzishusha kwanza, kisha huteleza chini yake na kukaza kwa raha, wala hazijamrudia. Altezza ni ya mbio, iko chini sana, ukiishusha hata paka hapiti. Kwa hiyo alikuwa anakaza kila kitu ikiwa juu, kwa nguvu zake zote, kwa nia njema kabisa, na kisha anaishusha. Kila safari mpira ulianza kufa saa ileile alipotoa jeki.

— Juu, — alisema. — Mara zote tatu nilikaza iko juu.

Chef de Gare alikohoa. Avocat akaichukua tena simu yake isiyo na betri. Alexis aliketi taratibu na bahasha mapajani.

Léa hakufurahi. Aliirudisha silambloki mahali alipoiokota na kujifuta vidole kwenye nguo yake.

— Katuba yote inasema njo mimi nililoga hii gari, — alisema. — Mpaka batoto balirudi na ile maneno kutoka ku masomo. Basi dimanche, mbele ya baba Mwaba, nani kati yenu atasema hii?

Alexis alijua kwamba baba Mwaba aliitamani ile nyumba hata kabla silambloki ya kwanza haijapasuka, na kwamba mjomba kama huyo hapingwi na mpwa. Alphonse alijua kwamba neno lake lingetosha kulivunja shauri zima, na kwamba Jumatatu asubuhi mtaa wote wa Kenya ungekuwa unacheka jina lake la Docteur. Chef na Avocat, waliokuwa na jibu kwa Japani, kwa udongo na kwa marehemu, walitazama vikombe vyao.

Victorine aliinamisha chupa yake mpaka ikatoa tone la mwisho. Kahawa ilijaa nusu kikombe, hakukuwa na nyingine. Hakumpa aliyekuwa na zamu. Alimpa Léa.

Léa aliipokea kwa mikono miwili, akaketi kwenye benchi kati ya Alexis na Alphonse, akawa anakunywa kidogo kidogo, akiwangoja.