Pembea Haimjui Mkubwa

Bismillahi Rahmani Rahim.

Mheshimiwa Mudir, mkono wa serikali hapa pwani, uliyevuka feri kwa ajili yetu na kofia yako ikasalimika na upepo; Sheikh wetu, imamu wa msikiti; Mzee Rashid bin Boga, mwenyekiti wa kamati ya Idi, pamoja na wazee wenzako; wageni waalikwa mliotoka Changamwe na Kisauni; Mwalimu Florence na watoto wako wa shule; mabibi zangu mlioketi jamvini; na nyinyi vijana mlio nyuma, mnaotafuna njugu huku Bismillahi yasomwa: Assalaam aleikum. Na wageni wetu wa bara, hamjambo. Nimesikia wachache tu wakiitikia. Idi gani hii ya watu wenye njaa? Assalaam aleikum. Naam, hivyo.

Mimi ni Mwanamkasi binti Hamisi. Uwanja huu mlioukanyaga ni shamba langu, nimerithi kwa baba yangu, na kila mwaka ikiandama Idi mimi ndiye nitoaye ruhusa pembea isimamishwe hapa. Shule yangu ni chuo cha Kurani, nami nilitolewa mapema nikafundishwe kusuka makuti. Kwa hivyo nikikosea maneno makubwa, nyamazeni. Nikikosea ukweli, simameni mniambie.

Jana alasiri Mzee Rashid alikuja barazani kwangu na sahani ya halua. Aliketi, akaniuliza hali, akaniuliza magoti, akaniuliza hata kuku. Mtu akikuuliza hali ya kuku wako, jua ana haja. Haja yake ilikuwa hii: kwa kuwa uwanja ni wangu, nisimame leo mbele ya Mheshimiwa Mudir nitangaze kwamba kuanzia Idi hii pembea ni ya wanaume na watoto wa kiume peke yao, na kwamba Mwalimu Florence asiwalete tena wasichana wake hapa kwa masomo. Halua nimekula, ilikuwa nzuri, mwambieni mkewe. Tangazo bado liko ulimini. Subirini, nitafika.

Kwanza wageni waelezwe. Pembea yetu ndiyo hiyo nyuma yangu. Nguzo mbili za boriti, mhimili wa chuma katikati, na mikono minne. Kila mkono umebeba sanduku la kukalia watu. Wanaume husukuma kwa mikono, sanduku la chini likapanda, la juu likashuka. Haina moto wala mashine. Mwenye kuijenga ni Kitsao, yule aliyesimama pale na kitambaa cha grisi begani. Kitsao, usijifiche. Mtu aliyewarusha watu wa Likoni angani miaka yote hii aona haya kusimama chini?

Mwalimu Florence alipohamishiwa hapa kutoka bara, alinijia na watoto wake wa shule kabla ya Idi, wakati pembea imesimama haina watu. Kiswahili chake kilikuwa kikavu kama mkate wa jana, lakini alinipa shikamoo akangoja niitikie, na wangapi wenu mnangoja? Akaomba ruhusa ya kuwapandisha wanafunzi. Nikamuuliza hawa wamekuja kusoma au kupembea. Akasema, "Vyote viwili, Bibi. Hapa ndipo vinapokutana."

Basi nikakaa mlangoni nikitazama. Walifunga jiwe kwenye uzi, wakalining'iniza ndani ya sanduku, wakatazama uzi ukilala huku na huku pembea ikienda. Walipanda wakashuka wakiulizana kwa nini tumbo hubaki juu sanduku linaposhuka. Mimi tumbo langu limebaki juu tangu nilipokuwa msichana, na sikuwahi kuuliza. Nilidhani ni utamu wa Idi tu. Kumbe lina sababu. Mjukuu wangu, Mwanarehema, akaja jikoni kunieleza sababu hiyo mpaka nazi ikaungua.

Siku moja Mwalimu akaazima ndoo yangu. Akaijaza maji, akaishika kwa mkono mmoja, akaizungusha juu ya kichwa chake, chini, juu, chini. Tone halikuanguka. Nikasema moyoni, mwanamke huyu ana jini, na jini lenyewe la bara, hata ubani wetu halitaujua. Nikamuuliza. Akacheka, akaniambia maji yataka kwenda zake moja kwa moja, ndoo ndiyo inayoyageuza njia, na maadamu mkono waenda kasi hayapati nafasi ya kumwagika.

Walipoondoka nikaenda nyuma ya nyumba nikajaribu. Mnacheka nini? Nyinyi mngejaribu? Nilizungusha vizuri mpaka ndoo ilipofika juu ya kichwa changu. Hapo nikaogopa, nikalegeza mkono. Maji yote yakanishukia, kanga, kilemba, na vitumbua vilivyokuwa kwenye sinia. Mwanarehema akaja mbio, akanitazama, akasema, "Bibi, ulisita katikati." Akanipa taulo. Lishikeni neno hilo, nitalirudia.

Sasa tuje kwenye Idi iliyopita, kwa kuwa ndiyo iliyozaa halua.

Mnakumbuka siku hiyo. Kamati ilitaka mambo yawe na heshima. Mzee Rashid mwenyewe alisimama hapa akipanga nani akae wapi. Kwetu sisi, mkubwa haketi na mdogo. Arusini hivyo, matangani hivyo, hata kwenye karamu ya maulidi sinia la wakubwa halichanganywi. Basi akatuweka mabibi wanne katika sanduku moja: mimi, Bi Mwanasaumu, na mawifi zake wawili. Mungu ametujalia, hatukufichwa chakula, mwatuona. Na katika sanduku la ng'ambo, lile linalotazamana na letu, akaweka vitoto vya shule, vyembamba kama fagio, na Mwanarehema kati yao.

Kitsao akasema. Nilimsikia kwa masikio yangu. Akasema kwa adabu, "Mzee, tuwagawe mabibi, wawili huku na wawili kule." Mzee Rashid akamjibu, "Wawatenga wakubwa kama mafungu ya samaki?" Watu wakacheka. Kitsao akarudi kupaka mhimili grisi. Na sisi mabibi tukatengeneza buibui zetu, tukaona tumeheshimiwa.

Wakasukuma. Sanduku letu halikutaka kunyanyuka. Wakaitwa vijana zaidi, wakasukuma mpaka mishipa ikawatoka shingoni, na Mzee Rashid akaamrisha tukifika juu tusimamishwe, wakubwa waonekane na watu wote. Tulifika juu. Nami nakiri kulikuwa kuzuri. Niliona bandari mpaka Kipevu, niliona paa la Bi Mwanasaumu lataka makuti mapya. Kisha pembea ikapita pale juu kidogo tu, na uzito wetu wote ukaanza kurudi chini. Nani aliweza kuuzuia? Mikono ya vijana iliteleza mmoja baada ya mwingine. Sisi tukashuka kama gunia la chumvi, na sanduku la watoto likatupwa juu. Mwanarehema alikuwa ameshika ukingo. Mkono wake ukavunjika.

Sitasimulia kilio. Mlikuwapo.

Fundi wa mifupa aliuunga mkono ule, Mungu amlipe. Lakini midomo ya watu haikuwa na fundi wa kuiunga. Wengine walisema ni jicho baya. Wengine wakasema Kitsao hakuchinja mbuzi kabla ya kuisimamisha pembea, ndiyo sababu. Wengine, na nawaona mlipo, mkasema nuksi imeletwa na wasichana kuingia na vitabu na mawe ya uzi ndani ya kitu cha Idi. Ikawa hivyo: mvulana akipanda ni furaha, msichana akipanda na kuuliza ni nuksi. Na mwanangu Mwidani, baba yake Mwanarehema, akaapa kwamba binti yake hatapanda tena pembea, wala hatarudi kwa mwalimu yule. Tangu siku ile mtoto yuko nyumbani anachambua mchele. Mchele wangu haujawahi kuwa safi namna hii, na sijawahi kuula kwa uchungu namna hii.

Na yeye mwenyewe, mnajua alisema nini usiku ule mkono ukiwa umefungwa vijiti? Alisema, "Bibi, mlikuwa wazito upande mmoja." Nikamwambia alale, ana homa. Hakuwa na homa.

Nawauliza sasa, wazee wangu. Ni nani hapa hajapata kumwona mchukuzi wa maji na mti wake begani, debe mbele na debe nyuma? Je, mmepata kumwona akijaza la mbele na kuliacha la nyuma tupu, ati kwa kuwa mbele ndiko kwenye heshima? Angeanguka kabla hajatoka kisimani. Ni nani hapa hajui mizani ya muuza samaki? Mzee Rashid, wewe ukipimiwa samaki, jicho lako halipepesi. Jiwe likipungua kidogo husikika mpaka Mtongwe. Jambo hili sote twalijua. Kitsao alijua, Mwalimu alijua, watoto walijua, na mimi niliyechota maji tangu udogo wangu najua. Lakini tulipofika kwenye pembea tuliona haya kumpima mtu mkubwa. Tukampa cheti cha heshima badala ya uzito. Na pembea haikusoma cheti. Pembea haimjui mkubwa. Yajua mizani.

Si jicho, basi. Si jini. Si msichana wala kitabu chake. Ni makalio yetu mabibi wanne, Mheshimiwa Mudir niwie radhi, yaliyowekwa mahali pamoja kwa adabu.

Nisieleweke vibaya. Adabu naipenda, nimewachapa watoto wa mtaa huu kwa ajili yake, na wengine wao leo wana mvi. Mdogo na amwamkie mkubwa. Mkubwa na atangulizwe kunawa. Lakini kila kitu kina adabu yake, na adabu ya pembea ni huku kulingane na kule. Siku hizi kila redio yasema uhuru waja, na kila barazani wanaume wabishana nani ataketi juu ya nani, mtu wa pwani au mtu wa bara. Mimi mambo hayo siyajui, nami sikuitwa kwa hayo. Nasema tu kwamba pembea ya Kitsao nimeipanda, na nimeona ikiwa nzito upande mmoja ni nani huvunjika. Si aliyekaa upande mzito.

Haya, tangazo.

Mzee Rashid, ndugu yangu, wewe si mtu mbaya. Wewe mwenyewe ulimbeba Mwanarehema mpaka kwa fundi, na shati lako likaharibika, sijasahau. Wewe umeogopa. Na mtu akiogopa hufanya kama nilivyofanya mimi na ndoo: anasita katikati. Tumewafungulia wasichana shule, tumewapandisha juu, na sasa pale juu kabisa mwataka tulegeze mkono. Yatatumwagikia. Ama msingelianza, ama sasa sukumeni.

Kwa hivyo sisemi ulichoniomba. Nasema hivi, na uwanja ni wangu: hapa pembea itapandwa na wanaume kwa saa zao na wanawake kwa saa zao, kama ilivyokuwa siku zote. Kitsao ndiye atakayepanga nani akae sanduku gani, na atakayembishia na ashuke akanunue kashata. Mwalimu Florence atawaleta wasichana wake wakati wowote pembea haina watu, na uzi, na mawe, na ndoo. Ndoo yangu lakini airudishe, mara ya mwisho ilikaa kwake mpaka nikaazima ya jirani.

Mwidani. Nakuona nyuma ya nguzo. Mtu mzima na ndevu zako. Kuapa kwako kuna kafara yake, Sheikh yuko hapa, atakueleza ni masikini wangapi wa kulisha, na wali nitaupika mimi. Mchele nilio nao ni safi. Jumatatu mtoto arudi darasani.

Mwanarehema, uko wapi? "Abee, Bibi," namsikia aitika. Njoo hapa mbele, Mwanarehema, nyosha mkono watu wauone. Mwauona? Umenyooka kuliko maneno yenu.

Jana usiku nilimuuliza mtoto huyu: tukipanda tena sisi mabibi, tukae vipi? Hakuuliza nani mkubwa. Alitutazama tu, kama mke mwema atazamavyo nazi sokoni, akasema mimi nikae sanduku hili na wifi mmoja, Bi Mwanasaumu akae lile la ng'ambo na wifi mwingine. Bi Mwanasaumu, mimi na wewe tumeketi ubavu kwa ubavu katika kila arusi ya Likoni tangu tukiwa wari. Leo tutatengana. Usinune. Wewe ukiwa juu mimi nitakuwa chini, nami nikiwa juu wewe utakuwa chini, na paa lako nitalitazama tena nione kama umeezeka.

Mheshimiwa Mudir, ahsante kwa kuja. Nilipoanza nilikutaja wewe wa kwanza, na ndivyo inavyopasa. Lakini nikifika kule juu nitauona utosi wako. Unisamehe, si utovu wa adabu, ni zamu. Nikishuka tutatazamana uso kwa uso.

Mmenipa masikio yenu muda mrefu, na njugu zimekwisha. Ahsanteni. Kitsao, fungua sanduku. Mwanarehema, nipe ule mkono uliovunjika. Nataka kupandia huo.